Mashine Iliyoombewa Hewani

Githongo, Meru
Jumanne, Agosti

Kwako Dada Cicily,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi ya Githongo, ambako ukungu hautoki mashambani mpaka saa tano na kila mtu anatembea ameficha mikono kwapani. Natumaini mko salama wote hapo Majimbo, Embu, kwamba shemeji amepona ule mgongo, na kwamba wanafunzi wako wamekuachia sauti kidogo ya kutumia nyumbani wakati huu wa likizo. Mimi ni mzima na kazi inaendelea. Mama Mdogo Karambu ni mzima pia, anakusalimu sana, na anasema dada yake alipokufa alimwachia watoto wawili lakini anamwona mmoja tu. Hilo mtaelewana wenyewe. Winrose naye anakusalimu. Ameanza kukuita dada hata kabla ya mahari, nikamwambia apunguze mwendo.

Barua hii inaletwa na mwanao Ciku, ambaye amekaa nasi likizo vizuri na kumaliza ndizi zote za Mama Mdogo. Utajiuliza kwa nini naandika kama watu wa zamani na simu ninayo. Ni kwa sababu nakujua. Kuna jina moja ambalo nikilitaja kwenye simu unakata. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini wewe ni mwalimu, sijawahi kukuona ukichana karatasi ya mtu kabla ya kuisoma mpaka chini.

Uliniuliza mwezi uliopita tutasema nini juu ya baba tukienda kwa kina Winrose kupeleka ruracio, hiyo mahari. Ukaniagiza tuseme alifariki, kama ulivyowaambia majirani zako wote, Mjomba Muthamia asimame mahali pake kama mzazi, mambo yaishe. Nilisema nitakujibu. Jibu ninalo sasa, lakini halitaeleweka kabla sijakueleza yaliyotokea hapa kiwandani Jumamosi. Najua Ciku alikwisha kukupigia kukuambia kuhusu muujiza. Mtoto alikwambia alichokiona, na alichokiona ni kweli, ila aliona upande mmoja tu.

Mambo yalikuwa hivi. Wakulima wa kiwanda chetu kidogo cha kahawa wamechanga msimu kwa msimu mpaka wakanunua mashine mpya ya kumenya kahawa, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa inamenya na kusaga pamoja. Mashine ni chuma kitupu, imepakwa rangi ya kijani, na uzito wake ni kama wa ng'ombe watatu walioshiba. Msingi wake uko juu, kwenye jukwaa la saruji, ili kahawa ikishamenywa iteremke na maji hadi kwenye matangi ya chini. Hakuna njia ya kuipandisha pale kwa mabega ya watu. Wakatafuta lori lenye kreni, na lori lenye kreni hapa Meru utalipata kwa Hirsi, na dereva wa lori hilo ni mimi.

Nikueleze kidogo jinsi kreni inavyoshika mzigo, na usifungue mdomo kupiga miayo, maana wewe ulinifundisha hesabu za sehemu usiku mzima na mimi sikupiga miayo. Mkono wa kreni unainuliwa na jeki. Ukivuta leva, pampu inasukuma oili ndani ya jeki kutoka chini, na mkono unapanda. Ili mkono ushuke, oili hiyo lazima itoke. Sasa fikiria mzigo wenyewe unaikandamiza oili hiyo, unataka itoke hata kabla hujaamua. Ukiiachia njia wazi, mzigo utashuka kwa kasi yake, si kwa kasi yako.

Ndiyo maana pale chini ya jeki, pamefungwa valvu. Oili ikiingia, valvu inafungua mlango bila maswali. Oili ikitaka kutoka, inakataa. Haifungui mpaka wewe usukume leva ya kushusha, na oili ya upande wa pili ije kubisha hodi na kuisukuma. Ukiacha kusukuma, inafunga palepale. Kwa hiyo mzigo haushuki kwa sababu ni mzito, unashuka kwa sababu umeuambia ushuke, na unashuka taratibu kama ulivyouambia. Na valvu hiyo hufungwa kwenye mwili wa jeki kwa boliti, chuma kwa chuma, bila paipu yoyote ya mpira katikati, kwa sababu ambayo utaiona mbele.

Siku ya Alhamisi nilikuwa nashusha mawe ya ujenzi pale karibu na stendi ya Meru, nikaona kitu ambacho hakikunipendeza. Nilikuwa nimesimamisha mzigo hewani nikisubiri watu wasogee, mkono wangu haupo kwenye leva, lakini mawe yalikuwa yanateremka. Polepole sana, kama uji unavyoteremka kwenye ukingo wa sufuria. Nikamwuliza Salad, dereva mwenzangu anayeshika lori zamu yangu ikiisha. Salad ni mtu wa kazi na hana uongo. Akaniambia mkono ulikuwa ukitetemeka kila akishusha, akadhani valvu imelegea, kwa hiyo aliikaza ile skurubu yake mpaka mwisho. Kutetemeka kukaisha. Alikuwa amefurahi na hata alikuwa amesahau kuniambia.

Mimi mwenyewe ningeikaza. Hata wewe, na sufuria yako yenye mpini uliolegea, ungeikaza. Lakini nilikuwa na wasiwasi, na mzigo wa Jumamosi ulikuwa mzito kuliko mawe, kwa hiyo nikampigia fundi mmoja wa Embu anayejua jeki na valvu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuja Ijumaa asubuhi na mkoba wake. Hakuuliza mengi. Aliniambia niinue mawe kidogo kutoka ardhini, nizime injini, kisha akatoa kipande cha chaki mfukoni, cheupe kama chako cha darasani, akachora alama kwenye fimbo ya jeki pale inapoingilia. Tukakaa na Salad juu ya matofali tukanywa chai. Tulipomaliza chai, alama ilikuwa imemezwa ndani.

Ndipo akanieleza. Akasema skurubu ya valvu hii si kama skurubu nyingine. Ukiikaza, unailegeza springi inayoushika mlango. Ukiifungua, springi inakaza. Imetengenezwa hivyo ili siku kreni ikiharibika na mzigo uko juu, fundi aweze kuingiza skurubu na kuuteremsha polepole bila injini. Salad alikuwa karibu kuufungua mlango kabisa akidhani anaufunga. Salad akashika kichwa, akakaa chini. Fundi akamwambia asijali, kwamba wengi huanzia hapo, na kwamba yeye mwenyewe alishawahi kukaza kitu alichopaswa kulegeza, na haikuwa valvu. Sikumwuliza alimaanisha nini. Nilijua.

Alifungua valvu, akaisafisha, akabadilisha mpira wake wa ndani, akaiweka sawa kidogo kidogo huku tukipima kwa chaki. Mtetemeko nao aliupata: ulikuwa hewa ndani ya oili, wala haukuwa kosa la valvu. Mara ya mwisho tulisubiri muda mrefu, hata chai ilikuwa imekwisha, na alama haikusogea hata unene wa ukucha. Kabla hajaondoka alipapasa paipu moja ya mpira iliyokuwa imechubuka kwa kusuguana na chuma, akasema ibadilishwe. Hirsi akasema imeagizwa, itafika Jumatatu. Fundi akaitikia tu, akasema paipu zote hupasuka siku moja, na kazi ya valvu ni kutojali siku hiyo ikifika.

Basi Jumamosi tukaja Githongo. Ungeona umati, Cicily. Wakulima wote na wake zao, akina mama wa kanisa wamevaa vitambaa vyeupe vichwani, watoto wa kwaya, na mchungaji amekuja na viatu vilivyong'arishwa kwenye tope lile. Mwenyekiti wa kiwanda, Mzee Kaberia, akaniita kando akanieleza mpango wao. Walitaka niinue mashine, kisha niisimamishe hewani kwa urefu wa kifua cha mtu mzima, ili iombewe na kuwekewa mikono kabla ya kukaa kwenye msingi wake. Desturi yao hapa kiwandani ni kwamba kitu kipya cha wote hakikalii kiti chake kabla hakijaombewa.

Nilimwambia hakuna shida, iombewe ikiwa bado juu ya lori. Akakataa. Akasema juu ya lori bado ni ya dukani, na ikishakaa kwenye msingi itakuwa imechelewa. Bibi harusi, alisema, anaombewa mlangoni. Nikamwambia mlango huo hauna sakafu, na kwamba chini ya mzigo ulioning'inia hasimami mtu, hata awe askofu. Mzee Kaberia alinitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu ambaye hajaokoka bado.

"Kijana, wewe tuinulie hiyo kitu. Mambo ya Mungu tuachie sisi."

Tulikubaliana mwishowe kwamba nitaisimamisha, lakini watu watakaa mbali na kunyoosha mikono kutoka huko. Nilikubali na hilo ni langu. Hirsi amenisema kwa ajili yake na nimenyamaza, kwa sababu angenikuta nikibishana na kanisa zima angenisema pia, ila hapo ningekuwa na haki. Nikatandaza miguu ya kreni juu ya mbao, nikainua mashine, ikapanda bila mtetemeko wowote. Nikaisimamisha, nikatoa mkono kwenye leva. Mchungaji akaanza.

Unajua mchungaji akipewa umati. Aliombea mashine, akaombea kahawa, akaombea bei ya kahawa, akaombea mvua ije lakini isizidi, akaombea viongozi wa kaunti mmoja mmoja na wengine nikajua hawastahili. Watu wamefumba macho. Na waliofumba macho wakaanza kuimba, na waliokuwa wakiimba wakaanza kusogea. Mikono ikafika kwenye chuma. Mimi nimesimama kwenye leva, siwezi kuondoka, nikaita mara mbili lakini sauti yangu ikapotea ndani ya wimbo. Watoto wa kwaya walikuwa wafupi, hawafikii ubavu wa mashine kwa sababu ya wakubwa waliojaa pale. Basi wakapita katikati ya miguu ya wakubwa wakaingia chini, wakainua mikono yao midogo wakaishika mashine kwa tumboni. Na Ciku alikuwa kati yao, amevaa ile sweta nyekundu uliyomfumia.

Siwezi kushusha, watoto wako chini. Siwezi kuzungusha, watu wamekizunguka chuma pande zote na kingewazoa. Kitu pekee nilichoweza kufanya kilikuwa kutofanya kitu. Nikaitoa mikono kabisa kwenye leva, nikaiweka nyuma ya mgongo ili isijisahau, nikamwambia Salad aende akawatoe watoto mmoja mmoja taratibu. Injini ilikuwa bado inanguruma.

Salad alikuwa amefika kwa mtoto wa kwanza ile paipu ilipopasuka.

Ililia kama tairi la lori. Oili ya moto ikaruka juu, ikamwagika kwenye vitambaa vyeupe vya akina mama, kwenye suti ya mchungaji, kwenye macho yangu. Nikazima injini kwa kupapasa. Watu wakapiga yowe wakakimbia kila upande, wengine wakaangukia kwenye mfereji wa maganda ya kahawa. Watoto wakatawanyika kama vifaranga. Nilipofuta macho nikaona uwanja umebaki mtupu, mashine ya kijani inaning'inia peke yake, na chini yake kuna sweta nyekundu. Ciku alikuwa amechuchumaa, mikono kichwani, hasogei. Hofu ilikuwa imemfunga miguu.

Nilikimbia, Cicily. Niliingia chini ya chuma kile ambacho nimewakataza watu wote wasiingie chini yake, nikamshika mkono nikamvuta, akaja na kiatu kimoja. Tulipofika ukutani akaniuliza kwa sauti ndogo, "Uncle, mbona haikuanguka?" Nikageuka nikaitazama. Oili yote ya pampu ilikuwa chini kwenye tope, paipu inaning'inia kama utumbo wa mbuzi, na mashine iko palepale nilipoiacha, kwa urefu wa kifua cha mtu mzima. Haikuwa imeshuka hata upana wa kidole.

Sasa unajua kwa nini valvu hufungwa kwenye mwili wa jeki. Paipu iliyopasuka iko nje yake. Oili ya nje ilimwagika, lakini iliyokuwa ndani ya jeki, ile iliyobeba mzigo, ilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, na hakuna aliyekuja kubisha hodi. Kama mlango ule ungekuwa bado umelegezwa kama ulivyokuwa Alhamisi, mashine ingeshuka mara ile. Haingeshuka taratibu kama mawe. Ingeshuka mara moja, na mimi leo nisingekuwa nikikuandikia kwa mkono huu wala nisingethubutu kukutazama usoni.

Mchungaji alipiga magoti kwenye tope na suti yake iliyoloa oili, akasema ni mkono wa Mungu ulioshika mashine. Watu wote wakapiga magoti. Mimi sikupiga. Nilienda kuangalia jeki, kwa sababu asubuhi nilikuwa nimechora alama ya chaki kama nilivyofundishwa, mara tu nilipoisimamisha mashine. Alama ilikuwa pale pale. Niliishika kwa kidole, ndipo nikakaa kwenye ngazi ya lori nikalia. Kina mama walidhani nimeguswa na Roho. Labda.

Paipu ya kuazima ilipatikana Meru mjini jioni ile, mashine ikapandishwa ikakaa kwenye kiti chake, safari hii watu wakiwa ng'ambo ya barabara bila kuambiwa. Mzee Kaberia mwenyewe ndiye aliyewasukuma nyuma kwa fimbo.

Jumapili wakaniita mbele kanisani nitoe ushuhuda. Mimi siukatai mkono wa Mungu, na yeye ananijua. Lakini sikuweza kusimama pale nikaacha watu waende nyumbani wakiamini kwamba chuma kinaweza kusimama hewani kwa maombi peke yake, maana mwaka ujao watainua kitu kingine na watasogea tena. Usione vyaelea, vimeundwa. Nikawaeleza valvu. Nikawaeleza skurubu na chaki. Nikawaambia kwamba kama Mungu aliweka mkono pale, basi aliuweka Ijumaa asubuhi, kupitia fundi kutoka Embu aliyepanda na mkoba wake kuja kurekebisha kitu ambacho sisi tulikiona ni kizima.

Mzee Kaberia akasimama akauliza jina la fundi huyo, ili kiwanda kimpelekee shukrani. Nikafungua mdomo. Mama Mdogo Karambu alikuwa ameketi safu ya pili, Ciku kando yake. Nikafunga mdomo, nikasema nitawaletea jina baadaye, nikarudi nikakaa. Tulipokuwa tukitembea kurudi nyumbani, baada ya kupita mashamba ya chai, Mama Mdogo akaniuliza bila kunitazama kama ni Riungu. Nikasema ndiye.

Ndiye, Cicily. Fundi huyo ni baba.

Hirsi ndiye aliyenituma kwake mara ya kwanza, mwaka juzi, bila kujua. Alisema kuna mzee hapo Embu, nyuma ya soko, anayetibu jeki zilizoshindikana. Nikampelekea jeki. Aliniuliza nimetoka wapi, nikasema Kianjokoma. Akauliza mama yangu alikuwa nani, nikamtaja. Aliweka spana chini na hakuishika tena siku ile. Tangu hapo kila lori linaposumbua nimekuwa nikienda kwake, na mengi ninayoyajua kuhusu mashine amenifundisha yeye. Sikukuambia, na sikuombi msamaha kwa hilo, kwa sababu ungenikataza, na mimi nisingetii, na tungekuwa tumekosana bure. Yuko umbali wa kutembea kutoka darasa lako. Anakuona ukipita sokoni Jumamosi. Anasema unatembea kama mama.

Nilimwuliza siku moja kwa nini alituacha mama akiwa mgonjwa akaenda kuoa Isiolo, na kwa nini hakuja hata mazishini. Nilitaka kusikia sababu nzuri. Hakuwa nayo. Alisema mapenzi yalimpeleka na aibu ikamzuia kurudi, na kwamba ile nyumba ya Isiolo nayo haikudumu. Alisema hana la kujitetea. Kwa hiyo usidhani nakuletea mtu aliyesafishwa. Nakuletea mtu yule yule unayemjua, amezeeka tu.

Jumamosi jioni nilimpigia nikamweleza yote. Nilipofika kwenye watoto waliokuwa chini ya mashine, nikamwambia kwamba Ciku alikuwa mmoja wao. Akaniuliza, "Ciku ni nani?"

Nikakumbuka kwamba hamjui. Nikamwambia ni msichana wako. Akauliza kama alama ya chaki ilisogea. Nikasema haikusogea. Akasema vizuri, na akauliza tena kama nina hakika, kama niliitazama kwa karibu au kwa mbali. Nikasema niliigusa. Nikamsikia akilia.

Halafu nilimwambia kuhusu ruracio na kuhusu agizo lako. Nilidhani atakasirika. Alisema hivi, na nimeandika vile alivyosema, "Mwambie Cicily aendelee kusema nilikufa, kama hiyo inamsaidia. Yeye ndiye alikulisha. Mimi nitakaa huku."

Jibu langu basi ni hili. Yeye amekubali kuwa marehemu, lakini mimi sitakwenda kwa kina Winrose na kuwaambia hivyo. Siwezi kuanza nyumba yangu kwa kumzika mtu ambaye Ijumaa tulikunywa naye chai na Jumamosi alimshikia mtoto wako chuma hewani bila kujua jina lake. Nitawaambia kwamba baba yangu yu hai, kwamba alituacha, na kwamba mzazi aliyenilea ni dada yangu. Wakitaka kutukataa kwa ajili hiyo, watukatae. Winrose nimemwambia tayari, naye alisema afadhali baba mkwe mbaya kuliko uongo mzuri.

Mjomba Muthamia atasema maneno ya wazee, hilo sibishani nalo. Lakini kiti cha mzazi siku hiyo ni chako. Hakuna mwingine atakayekikalia, hata akija mwenyewe akapiga magoti. Ulikatisha masomo yako ili mimi nisome, ulikula ukoko ili mimi nile mukimo, na hilo silisahau. Ninachoomba ni kwamba nyuma yako, mwisho wa benchi, karibu na mlango, kuwe na nafasi ya mzee mmoja asiyesema kitu. Ukisema ndiyo, atakuja. Ukisema hapana, hatakuja, na sitakulazimisha, na bado nitakuja Majimbo Krismasi kula kuku wako. Kumlazimisha mtu ni kukaza skurubu nisiyoijua, na nimeona inavyofanya.

Usinijibu haraka. Muulize Ciku akueleze tena, umwone uso wake akieleza. Kiatu chake cha pili kilipatikana kwenye mfereji, Mama Mdogo amekiosha lakini bado kinanuka kahawa.

Msalimie sana shemeji, na umwambie asiinue magunia. Wasalimie walimu wenzako na majirani, hata wale uliowaambia kwamba sisi ni yatima. Mama Mdogo anakutumia ndizi na majani ya kunde, Ciku amebeba. Mungu awalinde wote.

Jina lililo kwenye kitambulisho changu ulilichagua wewe, la mjomba, ili lile lingine lisiingie nyumbani. Nimelibeba vizuri na sitalitupa. Ila jana Mzee Kaberia alikuja tena kuuliza jina la fundi. Nilimwandikia kwenye karatasi, naye akasema ajabu, fundi huyo anafanana na mimi kwa kazi. Leo, kwa mara ya kwanza, naandika jina langu jinsi lilivyokuwa siku niliyozaliwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Murungi Riungu